Niliajiriwa Kuondoka

Ninyi mnaoanza kazi sasa huwa mnaniuliza, bibi, zamani ulikuwa unafanya nini? Nikiwajibu mnacheka, halafu mnamwita na mwingine aje acheke. Nimechoka kurudia. Nimeamua kuandika, mcheke wote mara moja. Mimi Tusekile Mtafya, mzaliwa wa milima ya Ileje, niliyeolewa nikashushwa Ivuna kwenye chumvi, niliajiriwa kuondoka.

Sikusema kufukuzwa. Kufukuzwa kila mtu anaweza. Mimi niliajiriwa ili niondoke, na nilipoondoka vibaya niligombezwa, na nilipoondoka vizuri nilipewa chai. Misimu saba ya kiangazi, Mwingereza akiwa bado ndiye mwenye nchi, mwenzenu aliamka alfajiri akaenda kuondoka. Shule yangu ni madarasa mawili ya misheni, kwa hiyo mkikuta herufi imelala chini, iinueni muendelee.

Aliyeniajiri alikuwa Mhindi mmoja, Bwana Velji, mpiga picha wa Mbeya. Dukani kwake alipiga picha maharusi na makarani, watu wa kukaa wima na kukunja uso. Lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege. Kila kiangazi alifunga duka, akapanda lori la chumvi la Asumani Kitwana, akateremka Ivuna na sanduku lake la picha, miguu yake mitatu ya mti, kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa, na boksi la vioo. Ndiyo, vioo. Picha ilikuwa inaingia kwenye kioo, kimoja kimoja, na ukishakitumia huwezi kukirudia. Ninyi na simu zenu mnapiga sahani ya wali mara ishirini. Bwana Velji alikuja na vioo kumi na viwili kwa msimu mzima, na hata wakati ule watu walimcheka kwamba sanduku lake ni la babu yake. Alikuwa anajibu, "Babu alikuwa na macho mazuri."

Sasa sikilizeni jinsi kazi ilivyokuwa, maana wengine mtadhani nawatania.

Ziwa Rukwa lina tabia ya kujaa na kurudi nyuma. Likirudi nyuma linaacha madimbwi makubwa pembeni, yenye samaki wengi waliosahauliwa. Hapo ndipo ndege walipokuja: yangeyange, domomwiko mwenye mdomo kama wa mwiko wa ugali, na mwari, wale weupe wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo. Bwana Velji alitaka kuwapiga picha karibu, na ndege hakubali mtu awe karibu. Basi tulijenga kibanda cha matete ukingoni, yeye akae ndani, mdomo wa sanduku utokeze kwenye tundu. Lakini ndege si mjinga. Amekuona unaingia. Atakaa ng'ambo siku nzima akikisubiri kibanda kikuteme.

Dawa yake aliijua Bibi Namwinga, Mnamwanga, mpika chumvi mkongwe kuliko wote pale Ivuna. Alisema, "Ndege anajua mtu yupo, na anajua mtu hayupo. Wangapi, hajui. Ingieni wawili, atoke mmoja aende zake. Ndege watasema, haya, mtu ameondoka."

Bwana Velji alijaribu, ndege wakarudi kabla jasho halijamkauka. Tangu siku ile Bibi Namwinga akawa anaingia naye kibandani, anamgeuzia mgongo, anatoka. Magoti yalipomkatalia akanitafuta mimi. Nilikuwa na miaka kama kumi na tisa, mke wa miaka miwili, na macho yangu yalikuwa yameanza kuharibika kwa moshi. Kupika chumvi ni hivi: unakwangua udongo wa chumvi, unauchuja kwa maji katika chungu chenye matundu, halafu maji yale unayachemsha, unachemsha, unachemsha, mpaka chungu kinabaki na kitu cheupe chini. Macho yangu yalikuwa yanaamka yamegandana. Mume wangu Anyosisye alikuwa ananiosha kwa maji ya vuguvugu kila asubuhi, akisema, "Fungua, uone mume." Nikimwambia sioni kitu, anasema, "Hujapoteza sana."

Kwa hiyo Bibi Namwinga aliponiambia, "Tusekile, kuna kazi isiyo na moshi," sikuuliza ni kazi gani.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilifundishwa nyumbani kwamba mwanamke akitoka mahali anatoka taratibu. Nikatoka kibandani kwa adabu zangu zote, nimeinama, hatua ndogondogo. Jua likapanda, ndege hawajasogea. Mchana Bwana Velji akatoka kichwa kimelowa, kitambaa cheusi mabegani kama mjane. Bibi Namwinga ndiye aliyesema.

"Mayo! Umeondoka kama mwizi. Nani amekuona?"

"Si nilitakiwa kuondoka, bibi?"

"Kuondoka kwa kuonekana! Ondoka kama mke aliyegombana na mumewe, anarudi kwao. Tikisa. Sema na njia. Kila mwenye macho ajue umekwenda."

Nikajifunza. Nikawa natoka nikiimba, nikizungusha mikono, nikikaripia mawe. Wapika chumvi wakawa wanaacha vyungu kuja kunitazama nikiondoka. Siku nyingine nilikwenda vizuri mno, nimefika mbali nikakumbuka nimesahau kanga yangu ndani, nikarudi kuichukua. Bwana Velji akanong'ona chini ya kitambaa, "Tumeingia wawili, ametoka mmoja, ameingia mmoja. Sasa hata mimi sijui tuko wangapi."

Kanga ilikaa humo mpaka jioni. Toka siku hiyo, ninyi vijana, nikimaliza kazi yangu mahali naangalia nyuma mara moja tu, kabla ya kuvuka mlango.

Kuna mambo mengine niliyojifunza, nawapa bure. Ukimwendea ndege usimwendee moja kwa moja. Nenda kiubavu kama unayetafuta kuni, simama, chutama, okota kitu. Usimkazie macho, maana ukimkazia anajua unamtaka. Kibanda usikijenge karibu siku ya kwanza. Kijenge mbali, kila siku kisogeze hatua tatu, ndege watafikiri kimezaliwa hapo. Shati jeupe hapana. La Bwana Velji tulilipika kwenye tope mpaka likawa na rangi ya nyati, akavaa, akasema akirudi nalo mjini mke wake atamlaza nje. Na matete yawe makavu. Mwaka tuliojengea majani mabichi, mbuzi wa Laitoni Sikanyika walikuja, na dume lao waliloliita Gavana likala ukuta mzima wa nyuma. Bwana Velji, kichwa ndani ya kitambaa, hakujua. Mwari waliozunguka nyuma walikuwa wanamtazama makalio. Alipotoka na kukuta Gavana anatafuna, aliuvua mkanda wake akamkimbiza mpaka kwenye vyungu vya chumvi, na suruali ikakataa kwenda naye.

Haya. Sasa niwasimulie asubuhi moja, maana kwa asubuhi ile ndiyo nilibaki kwenye kazi, na kidogo tu isingekuwa hivyo.

Lazima niwaambie kwanza habari za mkwe. Kwetu Ileje, siku zile, mke hakumwona baba wa mumewe. Simaanishi alimchukia. Ilikuwa heshima. Ukisikia kikohozi chake unaacha njia. Mkikutana ghafla unachutama, unageuza uso, unajifunika, unapiga makofi mawili ya polepole ya salamu, naye anapita akitazama mbinguni. Jina lake hulitaji. Mnajua mimi nakumbuka majina ya watu wote, mpaka la mbuzi. La mkwe wangu nalijua, na hata leo hapa karatasini silitaji. Alikuwa amehamia Ivuna na wanawe kwa ajili ya chumvi, na milima aliiacha lakini desturi alikuja nayo. Miaka minne niliishi ua mmoja naye. Nilijua kisigino chake, fimbo yake ya mkaratusi, na jinsi alivyopiga chafya baada ya kunusa ugoro. Uso wake sikuujua.

Mwaka wa tatu wa kazi yangu maneno yakaanza. Kuna mtu alikwenda kumwambia, mkweo anaingia kwenye kijumba cha matete na Mhindi. Mtu huyo hakumalizia kwamba ninatoka hapo hapo. Watu wa namna hiyo huwa wana haraka, hawafiki mwisho wa sentensi.

Mkwe alimwita Anyosisye. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, nasikia.

"Mkeo anafanya kazi gani kule dimbwini?"

"Anaondoka, baba."

"Anaondoka kwenda wapi?"

"Haendi popote. Anaondoka tu. Ndiyo kazi yenyewe."

Nikasikia chafya.

"Anyosisye, nilikuzaa mimi mwenyewe. Usinifanye mpumbavu."

"Baba, ni ndege. Hawajui kuhesabu."

"Mimi ninajua. Nitakwenda siku moja nione kwa macho yangu. Nikiona wameingia wawili na wametoka wawili, nitajua la kufikiri. Nikiona wameingia wawili na hakutoka mtu, pia nitajua la kufikiri. Hapo atarudi kwenye vyungu, na habari za ndege zitakufa."

Mimi nyuma ya ukuta nikajishika macho. Msimu ule yalikuwa yamepona. Nilikuwa naona mpaka nywele za kwenye mguu wa nzi. Na siyo macho tu. Nani mwingine Ivuna alikuwa na asubuhi? Wenzangu wote waliamkia moshi. Mimi niliamkia maji yaliyotulia, kwazi, yule tai mla samaki, akilia juu ya mti mkavu, domomwiko akifyeka maji kulia kushoto kama anayetafuta sindano aliyoipoteza. Ningerudi vyunguni ningekufa nikiwa hai.

Wiki mbili zikapita, mkwe hakuja. Nikaanza kuzoea.

Bwana Velji alibakiwa na kioo kimoja. Lori la Asumani Kitwana lilikuwa liondoke kesho yake. Miaka yote alikuwa na picha moja aliyoitaka na hakuipata: mwari wakivua. Mmewahi kuwaona? Wanajipanga majini kama nusu ya pete, kumi, kumi na watano, wanasogea pamoja polepole wakiwasukuma samaki kwenye maji mafupi, halafu kama mtu amewapa amri, wote kwa pamoja wanachovya vichwa. Wote! Unabaki kuona migongo tu. Halafu wanainuka, mifuko inatiririsha maji, wanaanza tena. Kila mara Bwana Velji alibonya mapema au alichelewa.

Dimbwi lile la kuvulia lilikuwa na njia moja, ukanda mwembamba wa tope gumu, upana wa mtu mmoja na nusu, ulioingia ndani ya maji ukajipinda kama mundu. Kibanda kilikuwa ncha ya mundu. Mpini wake ulikuwa huku ufukweni, kwa hiyo mtu aliyekaa mwanzo wa njia alikuwa ng'ambo ya maji, anatazamana na kibanda, hatua kama hamsini. Pande zote mbili za njia ni tope la kiunoni na matete yenye mamba. Nawaeleza hivi kwa sababu.

Alfajiri tukaingia, Bwana Velji na mimi. Kulikuwa na ukungu mwembamba umelala juu ya maji. Akaweka miguu mitatu, akalifungua sanduku, akajaribu bomba refu la kuvuta vitu vya mbali karibu. Kwenye kioo cha nyuma cha kutazamia, mambo yote huonekana yamepinduka, mbingu chini, maji juu. Alishanionyesha mara nyingi. Alikuwa mtu wa kufundisha, hata asipoulizwa. Nilijua kioo kinapoingizwa, kifuniko kinapovutwa, mpira unapobonywa. Nilijua kama unavyojua kupika chakula cha watu wengine, kwa kutazama.

"Haya, Tusekile," akasema. "Nenda. Leo ondoka kuliko siku zote."

Nikavuta pumzi ya kuimba. Nikachungulia tunduni kwanza. Nikaiona fimbo ya mkaratusi.

Nilirudisha kichwa haraka mpaka shingo ikalia.

"Bwana Velji, siwezi kutoka."

"Nini tena? Jua linapanda."

"Mkwe wangu amechutama mwanzo wa njia."

"Si umsalimie upite?"

"Apite nani? Njia ni ya mtu mmoja. Ama mimi nimruke, ama yeye aniruke. Mkwe haruki mkwe, Bwana. Na hata kumwona sitakiwi."

"Kama hujamwona, umejuaje ni yeye?"

"Nimeona fimbo."

Akachungulia yeye. "Ananusa ugoro," akasema. "Mzee mwenyewe ametulia kabisa. Hana habari ya kuondoka."

"Amekuja kutuhesabu."

Hapo ikabidi nimweleze yote kwa kunong'ona, alichosema mkwe, wawili wakiingia na asitoke mtu. Bwana Velji akakuna ndevu.

"Basi kaa humu humu mpaka achoke."

"Nikikaa, kazi yangu imekwisha leo. Bwana, huyu si ndege. Huyu anajua kuhesabu."

Kwa mbali mwari walikuwa wameanza kushuka majini, mmoja, wawili, wanne, wanateleza na miguu mbele. Bwana Velji aliwatazama kama mtu anayetazama lori lake likiondoka. Na mimi, sijui nilipata wapi ule mdomo, nikasema:

"Toka wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Ndege wameona tumeingia wawili. Akitoka mmoja watasema mtu ameondoka. Hawatauliza ni Mhindi au ni Mndali kama mimi. Na mkwe akiona wewe umetoka, atajua hakuna mwanamume kibandani."

"Tusekile, mimi ndiye mpiga picha!"

"Na mimi ndiye mwenye kuondoka. Leo tubadilishane."

"Kioo ni kimoja."

"Na mkwe ni mmoja."

Alifumba macho. Nadhani aliongea na babu yake. Alipoyafumbua akaniwekea mpira wa kubonya mkononi, akakifunga kiganja changu kwa viganja vyake viwili, haraka, kama anayenikabidhi yai.

"Tazama kwanza kwenye kioo cha nyuma, wakae katikati. Halafu ingiza kioo cha picha. Vuta kifuniko. Usibonye wakiwa wameinuka. Shingo zikianza kwenda, bonya. Usisubiri uzione zimefika. Ukiziona zimefika, umechelewa."

"Nimesikia."

"Usipumue."

"Bwana, toka!"

Akatoka. Na jamani, hakujua kuondoka! Alikwenda kama mtu anayebeba mayai kwapani. Nikamsonya kutoka tunduni, "Imba!" Akaanza kuimba wimbo wa harusi wa kwao, kwa sauti ambayo nadhani harusi yenyewe ingevunjika. Akatikisa mikono. Akakaripia jiwe. Kumbe miaka yote alikuwa ananitazama.

Nikaingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi.

Mmewahi kukaa gizani mkatazama asubuhi ikiwa kichwa chini? Maji yalikuwa juu, yanang'aa kama bati jipya. Mwari wananing'inia kama maua meupe kwenye dari, wekundu kidogo wa jua umewashika mgongoni. Hakuna sauti, Bwana Velji alikuwa ameshafika mwisho na kunyamaza. Nikasogeza bomba kidogo ili wakae katikati, kama alivyosema. Na nyuma yao, ng'ambo, akaingia mzee amechutama, miguu juu.

Uso mdogo kama punje ya mtama, lakini bomba lile lilikuwa kali. Nikaona pengo la meno ya juu. Nikaona masikio ya Anyosisye, masikio yale yale, yamewekwa kwenye kichwa kizee. Alikuwa anamcheka Mhindi. Mkwe wangu alikuwa mtu wa kucheka! Miaka minne, hakuna aliyeniambia.

Halafu nikakumbuka ninamwangalia nani.

Mwili hauna shule, wajukuu. Kabla akili haijasema neno, nilikuwa nimeshachutama, nimegeuza uso, kanga kichwani, na mikono yangu ikapiga makofi mawili ya salamu. Pa. Pa. Kwenye asubuhi ile iliyotulia, ilikuwa kama mtu amevunja ubao.

Nikabaki nimechutama pale, nimeshika kinywa. Nilitoa chozi kabisa. Nikajisemea, Tusekile, kioo cha mwisho, msimu wa mwisho, na wewe unalisalimia sanduku.

Nilipothubutu kuchungulia, mwari walikuwa wamesimamisha shingo, kumi na wanne, wote wamekitazama kibanda. Hawakuruka. Walijisogeza katikati ya dimbwi wakakaa wakifikiri. Na kutoka ng'ambo, maji yakileta sauti vizuri, nikasikia mazungumzo.

"Nani kapiga makofi?" Ni sauti ya mkwe.

"Kibanda, mzee," akasema Bwana Velji.

"Kibanda."

"Ndiyo, mzee. Kimekusalimu."

Nikaisubiri hukumu. Ikaja chafya. Halafu mkwe akasema, "Mliingia wangapi?"

"Wawili."

"Umetoka wewe. Kwa hiyo humo ndani hakuna mwanamume."

"Hakuna, mzee. Kuna sanduku langu na huyo anayekusalimu."

"Anayenisalimu hata asipoonekana," mkwe akasema. Sikujua kama ni kwa uzuri au kwa ubaya. "Nyamaza sasa, wewe Mhindi. Wale ndege wanarudi."

Walikuwa wanarudi kweli. Wakajipanga. Nikajifuta macho kwa kanga, nikaingiza kioo, nikavuta kifuniko, nikashika mpira, nikaweka jicho tunduni, na mkwe nikamziba kwa kidole gumba ili nisimwone tena nikaharibu. Wakasogea polepole, maji hayasikiki. Walichovya mara ya kwanza nikajifunza mwendo wao. Mara ya pili nikawa nawafuata kama wimbo. Mara ya tatu, shingo ya yule wa kwanza upande wa kushoto ikalegea tu, haijakwenda popote, nikabonya.

Klaa.

Sikujua nimepata nini. Ubaya wa kioo ni kwamba hakikwambii kitu mpaka kiogeshwe kwa dawa, gizani, Mbeya. Kesho yake Bwana Velji alipanda lori, boksi mapajani, hataki hata Asumani alishike. Mkwe naye alirudi nyumbani. Anyosisye akamuuliza, "Baba, umeona?" Akajibu, "Nimeona Mhindi anaimba. Picha ikija nitasema. Mpaka hapo, vyunguni."

Nikarudi vyunguni. Wiki tano. Macho yakaanza tena kugandana. Bibi Namwinga alikuwa anapita kunichokoza, "Mpiga picha, chumvi yako imeungua." Kila lori lilipolia kwenye mteremko niliacha mwiko, na kila mara Asumani alitikisa kichwa. Msiniulize nililala vipi.

Wiki ya sita Asumani aliteremka na bahasha ya kaki. Ndani, picha moja, nyeusi na nyeupe, upana wa viganja viwili. Nilipewa niitazame kabla ya mkwe, na nilipoiona nilikaa chini kwenye majivu. Mwari kumi na wanne, nusu pete, na hakuna kichwa hata kimoja! Migongo tu, na maji yameruka kidogo mbele ya kila mmoja. Nyuma ya picha Bwana Velji alikuwa ameandika kwa herufi kubwa ili niweze kusoma: IMEPIGWA NA TUSEKILE.

Anyosisye akaipeleka. Mimi nikasimama mahali pangu nyuma ya ukuta, mkono kifuani. Mkwe aliishika muda mrefu. Nilisikia akiigeuza, akaigeuza tena.

"Ndege wote wameficha vichwa," akasema hatimaye. "Kwa nini? Hawa nao wameolewa kwangu?"

Anyosisye alicheka mpaka akakohoa. Mimi niliuma kanga.

"Na huyu mzee nyuma, aliyechutama kama anajisaidia, ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe, baba."

"Watu wa Mbeya wameniona hivi?"

"Mhindi ameiweka dirishani mwa duka, baba. Asumani kasema watu wanasimama."

Nikasikia kizibo cha ugoro kinafunguliwa, kinafungwa bila kunuswa.

"Mwambie mwana wa Mtafya," mkwe akasema, akipaza sauti zaidi kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliyekaa mbele yake, "safari nyingine wanishitue kwanza, nisimame. Mzee hapigwi picha amechutama."

"Kwa hiyo baba, aende?"

"Anyosisye! Nimesema safari nyingine. Safari nyingine nitasimama mbele ya nani, mbele ya chungu?"